Zamu ya Vuai katika Ngome ya Kizingo

Safari yenyewe siielezi. Njia ya kwenda Sawia ni ndefu na ina vumbi, na kila aliyewahi kusafiri analijua vumbi. Ninachotaka kueleza ni nchi niliyoikuta na watu wake, kama nilivyowaona.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uleule, na nilikwenda kwa sababu nilisikia kwamba Wasawia wamepata dawa ya wivu. Habari hiyo ilinigusa. Kwetu nilikuwa nimeona ndugu wa tumbo moja wakishtakiana kwa ajili ya ukuta, na marafiki wa tangu utotoni wakikatana salamu kwa kuwa mmoja amepata kazi. Nikasema kama kuna mahali watu wamelipatia jambo hili ufumbuzi, acha nikauone kwa macho yangu.

Dawa yenyewe ni hii. Mtoto wa Sawia akifika umri wa kuanza shule, serikali humpa mwenza. Mwenza si rafiki wala mchumba. Ni mtu wa rika lake, wa kimo chake na wa akili zake, ambaye atajipima naye mpaka kufa. Waliotunga sheria hiyo waliona kwamba wivu hauondoki, kwa hiyo afadhali upewe anwani. Mtu asimwonee wivu kila mpita njia. Amwonee mmoja, na huyo mmoja amwonee yeye, na serikali isimame katikati na mizani.

Mizani ni ya kweli. Kila wilaya ina Mpima, ofisa mwenye kilemba cha rangi mbili, anayetembea na mizani ndogo ya shaba na mfuko wa kokoto. Mtu akisifiwa mbele za watu, Mpima huweka kokoto upande wake. Kokoto zikizidi upande mmoja, aliyezidi hutakiwa kusubiri. Nilimkuta mwokaji amefunga duka kwa sababu mikate yake iliumuka vizuri mno, anangoja ya mwenza wake nayo iumuke. Nilimkuta bibi harusi ambaye alikuwa amekaa ndani na hina mikononi tangu msimu uliopita, kwa kuwa mwenza wake hajaposwa. Hina ikififia wanampaka tena, na shangazi zake wanazunguka mji mzima kumtafutia mume yule mwenza, wakali kuliko wazazi wa binti mwenyewe. Hata msiba hupimwa. Mjane mmoja alinilalamikia kwamba siku ya kumzika mume wa mwenza wake mvua ilinyesha, watu wakasema mbingu zimelia, ilhali siku ya mume wake yeye palikuwa na jua tupu.

Mwanzoni mambo haya yalinipendeza. Niliona watu wakali lakini watulivu, na hakuna aliyeloga mtu. Nilianza hata kufikiri namna ya kuyaandika kwa ajili ya watu wa kwetu.

Kisha vita vikaja.

Zamani Sawia ilikuwa nchi moja. Iligawanyika kwa sababu watu wa bondeni na watu wa milimani hawakukubaliana ni nani aimbwe kwanza katika wimbo wa taifa. Sasa kuna Sawia ya Juu na Sawia ya Chini, zenye sheria zilezile, vilemba vilevile na mizani ileile. Sawia ya Juu ina viwanda, ina mito, na ina kikosi cha vifaru vya deraya ambacho ukikiona kimepangwa utadhani ni mtaa wa nyumba za chuma. Sawia ya Chini ina jangwa. Katikati ya jangwa hilo, mpakani, ipo ngome ndogo iitwayo Kizingo, yenye askari wasiofika hamsini, mzinga mmoja wa kupigia vifaru, na kisima.

Maji ya kisima hicho ni matamu. Wasafiri waliyasifu, na sifa zikavuka mpaka. Sawia ya Juu haikuwa na kiu. Ilikuwa na mito ambayo hata majina haijaipa yote. Lakini haikuweza kustahimili kwamba kuna kitu, kimoja tu, ambacho majirani wanacho kizuri zaidi. Ikamtuma mjumbe na bendera nyeupe kudai kwamba ngome itangaze rasmi kuwa maji yake ni ya chumvi. Ikikataa, vifaru vitakuja. Askari wa Kizingo walimkaribisha yule mjumbe kikombe, naye akanywa viwili, akafumba macho, akasema ni ya chumvi.

Nilikuwepo katika Baraza la Sawia ya Chini lilipojadili shauri hilo. Waziri wa Vita, Bwana Khatib Mzee, alieleza kwa masikitiko kwamba hawezi kupeleka msaada Kizingo kabla ya kupeleka msaada wa kiasi hichohicho katika ngome nyingine zote, maana zitauliza kosa lao nini. Nchi ilikuwa na kifaru kimoja. Kwa kuwa haikuwa haki ngome moja ipewe kifaru na nyingine zikose, kilifunguliwa, kikagawanywa. Kizingo ilipata mfuniko wa juu.

Mjumbe wa Baraza kutoka kusini, Bi Siwatu, alisimama akiwa amekasirika kweli. Aliuliza kwa nini Kizingo ishambuliwe na jeshi kubwa namna ile peke yake. Ngome ya jimboni kwake ilikuwa kongwe zaidi, ina kuta nene zaidi, na haijawahi kushambuliwa hata na mbuzi. Alitaka serikali iwaombe maadui wagawe vifaru vyao sawasawa. Hoja yake iliungwa mkono na wengi, na ikapelekwa kwenye kamati.

Baadaye niliambiwa kwamba Bwana Khatib Mzee ni mwenza wa mkuu wa Kizingo, Kapteni Kidawa. Walipewana wakiwa na umri wa miaka saba. Ngome ikishinda, kokoto zote zingekuwa za Kidawa.

Nilipata ruhusa ya kwenda Kizingo pamoja na Mpima wa wilaya, Bwana Shaweji, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba vita vinapiganwa kwa haki baina ya askari na askari wa ngome ileile. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyembamba, na njiani alinisikitikia sana aliposikia kwamba sina mwenza. Alinisikitikia kama mtu anavyomsikitikia yatima.

Kapteni Kidawa tulimkuta anapindua mikate juu ya ule mfuniko wa kifaru. Ulikuwa unashika moto vizuri. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti isiyopanda. Alitupa mkate, akatuonyesha hali ilivyo. Mbele ya ngome, upande wa adui, kuna uwanda wa chumvi, mweupe na laini kama sakafu, lakini chini ya ganda lake ni tope linalomeza ngamia mzima. Katikati ya uwanda inapita barabara moja ngumu, nyembamba, ya kupita kifaru kimoja kimoja. Adui aliijua barabara hiyo vizuri kama yeye. Wakija wamefuatana, hakuna wa kuwazuia.

Na mzinga, nikauliza. Akanionyesha kwa kidevu watu wawili waliokuwa wanasafisha mtutu huku wamepeana migongo. Hao ndio Vuai na Ngwali, wapigaji wa mzinga, wenza tangu darasa la kwanza.

Ngwali alikuwa na shabaha ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Alikuwa mtu wa kucheka, mzito wa kuamka, asiyejali sana. Vuai alikuwa na kila kitu kama yeye isipokuwa hiyo shabaha. Alipopiga, kabla ya kuvuta kamba, jicho lake lilikuwa linaponyoka kwenda kumtazama Ngwali anatazama vipi, na kombora likaenda kwenye mchanga. Nilikaa naye akanieleza maisha yake, na yote yalikuwa maisha ya Ngwali. Ngwali alianza kuota ndevu kabla yake. Ngwali akilala, analala kama mtoto mchanga. Chai ya birika moja ikimiminwa katika vikombe viwili, ya Ngwali ndiyo tamu.

"Umewahi kuionja?" nikamuuliza.

"Kila siku," akasema. "Ananipa mwenyewe. Hilo ndilo linaloniudhi."

Sheria ya wenza wanaotumia silaha moja ni zamu. Huyu akipiga moja, yule anapiga moja. Zamu haitolewi, haiuzwi, hairithiwi. Nilimwendea Kapteni nikamwambia, kwa moyo wangu wote, kwamba watu wote humu ndani watakufa kwa sababu ya zamu, na kwamba ingefaa Ngwali apige zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nikimpa Ngwali zote, nani atampakilia? Vuai mikono itamfia. Si kwamba atagoma. Itamfia tu."

Nikaomba basi nizungumze na askari. Niliwaambia habari za upendo, na jinsi mtu anavyoweza kufurahia cha mwenzake kama chake. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mmoja aliuliza kama kwetu yuko mtu anayelisema jambo hili vizuri kuliko mimi, na kama yuko, ninajisikiaje.

Asubuhi vifaru vilipoonekana, vilikuwa vinakuja vimefuatana, kimoja nyuma ya kingine, juu ya barabara ngumu, kama Kapteni alivyoogopa. Ardhi ilikuwa inatetemeka mpaka maji ya kisima yanachezacheza. Bwana Shaweji aliingia kwenye handaki na mizani yake kifuani. Mimi nilijibanza kando yake, karibu na mzinga.

Kapteni Kidawa hakuamuru mzinga upige. Aliamuru tarumbeta. Askari wake walipanda ukutani wakapiga ule wimbo wa kumlaki mtu mkubwa, kisha yeye akachukua kipaza sauti. Kwa darubini alikuwa ameona jina lililochorwa kwenye kifaru cha mbele.

"Karibu, Luteni Mbaruku," akasema, kwa sauti ileile isiyopanda, na uwanda wote ukasikia. "Karibu, mtu wa kwanza kuingia Kizingo. Jina lako tutalichonga juu ya lango. La kwako peke yako. Walio nyuma yako tutawahesabu tu."

Askari wakashangilia jina hilo. Wakalirudia na makofi.

Niliona kwa macho yangu jambo ambalo nisingeliamini. Kifaru cha pili kilitoa moshi mwingi, kikasogea kulia. Nilielewa baadaye kwamba aliyekuwa ndani yake ni mwenza wa Luteni Mbaruku. Kiliiacha barabara ili kumpita. Cha tatu kilipoona cha pili kinapita, kikashuka kushoto. Vya nyuma havikungoja. Kila mmoja alikuwa na mwenza wake ndani ya safu ileile, na hakuna aliyeweza kukaa nyuma akisikiliza makofi ya mwingine. Kikosi kizima kilifunguka kama upepeo juu ya uwanda mweupe, kikienda kwa kasi, kizuri kukitazama, na ganda la chumvi likaanza kupasuka. Vilizama mpaka kwenye minyororo, vingine mpaka kwenye mtutu. Watu walitoka kwenye mifuniko wakiwa wamepakwa tope, wakaanza kubishana ni nani aliyezama kidogo.

"Nawajua," alisema Kapteni. "Ni sisi."

Lakini kifaru cha Luteni Mbaruku kilibaki barabarani. Yeye hakuwa na sababu ya kumpita mtu. Aliendelea kuja, peke yake, na kifaru kimoja kilitosha kwa ngome ile.

Hapo mzinga ukaanza. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Vuai. Alilenga, jicho likaponyoka, kombora likapita juu likaangukia mbali. Ya pili ikawa ya Ngwali. Alipiga huku anatafuna kitu, na mnyororo wa kifaru ukakatika, kikazunguka nusu, kikasimama. Askari mmoja ukutani alianza kushangilia, akaona Bwana Shaweji ameingiza mkono mfukoni kutafuta kokoto, akanyamaza.

Kifaru hakikuwa kimekufa. Mtutu wake ulianza kugeuka taratibu kuelekea kwetu.

Ya tatu ilikuwa ya Vuai. Kila mtu alijua maana yake. Atakayekimaliza kifaru kile ndiye atakayeitwa shujaa wa Kizingo, yeye na watoto wake. Vuai alikaa kwenye kiti cha mpigaji. Alikuwa ameingoja zamu hiyo tangu darasa la kwanza. Nilimwona anaweka jicho, nikaona bega lake linatulia, kisha nikaona jicho linaponyoka kama kawaida yake kumtazama Ngwali. Ngwali alikuwa amekumbatia kombora la akiba, anatazama mtutu unavyokuja, na safari hii hakuwa anacheka.

Vuai akainuka.

"Kaa wewe," akasema.

"Zamu yako."

"Najua ni ya nani. Kaa, bwana, kabla sijabadilisha mawazo."

Bwana Shaweji alipiga kelele kutoka handakini kwamba zamu haitolewi. Vuai alimjibu bila kugeuka kwamba tumbo linamuuma. Ngwali alikaa. Vuai akapakia, na mikono yake, ambayo Kapteni alisema itakufa, ilifanya kazi haraka na vizuri.

Milio miwili ilikuja pamoja, wa kwetu na wa kwao.

Vumbi lilipotua, kifaru kilikuwa kinaungua, na Luteni Mbaruku alikuwa anakimbia barabarani ameinua mikono. Mzinga ulikuwa umepinduka ubavu. Kiti kilikuwa kimekatika, na Ngwali alikuwa amelala nyuma yake, amekufa. Vuai alikuwa amesimama palepale pa mpakiaji bila hata mkwaruzo, ameshika kombora la nne.

Jioni haikuwa imefika walipomaliza kuwavuta maadui kutoka kwenye tope. Waliwapa maji. Walikunywa sana, na hakuna aliyesema neno kuhusu ladha. Luteni Mbaruku aliuliza kwa adabu kama jina lake litachongwa, kwa kuwa kweli aliingia wa kwanza. Kapteni Kidawa alimwambia achukue sepetu akasaidie kuchimba kaburi.

Tulimzika Ngwali nyuma ya ukuta, na baada ya dua Bwana Shaweji alitoa mizani yake, akaitundika kwenye ncha ya sepetu, kama sheria inavyotaka. Alikuwa na kokoto kubwa mkononi, nyeupe, ambayo nadhani hakuwahi kuitumia. Akaeleza kwamba kombora la tatu lilikuwa zamu ya Vuai, na zamu haitolewi. Kwa hiyo aliyelipiga, kisheria, ni Vuai. Mfu hapimwi. Vuai alitakiwa kusema ndiyo tu.

"Si langu," akasema Vuai.

"Usinielewe vibaya. Hakuna atakayekupinga. Kusema ndiyo tu, bwana."

"Weka upande wake."

"Mizani italala."

"Ilale."

Bwana Shaweji alitutazama sote, kama mtu anayetafuta wakubwa zake. Kapteni hakumsaidia. Mwisho akaiweka ile kokoto upande wa Ngwali, na sahani ya shaba ikashuka mpaka ikagusa udongo wa kaburi. Upande wa Vuai ukabaki juu, mtupu. Katika nchi ile, mizani iliyolala ni jambo la aibu, watu huifunika kwa kitambaa. Hakuna aliyeifunika.

Kisha Mpima akamwambia Vuai, kwa huruma, kwamba mtu hakai bila mwenza, na kwamba katika ngome ya kusini yuko sajini mmoja mzuri, wa umri wake, ambaye mwenza wake amefariki.

"Sitaki," akasema Vuai. "Sijamaliza na huyu. Kile kiti kilikuwa changu, Bwana Mpima. Nilikikalia kabisa. Hata kufa ameniwahi, na mimi ndiye niliyempa nafasi." Akachuchumaa, akaanza kusawazisha udongo kwa kiganja pale ambapo sahani iliuchimba. "Watazame watu waliomzika. Mpaka maadui. Mimi nikifa nitapata wapi watu wote hawa?"

Alikuwa analia, na alikuwa anaona wivu, na sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Tangu nifike Sawia sikuwa nimesikia mtu akimpenda mtu waziwazi namna ile.

Nilirudi mjini na Bwana Shaweji. Alikuwa ameacha mizani yake kule kaburini, na mikono yake haikujua pa kukaa. Tulipokaribia malango akaniuliza kama kwetu wako watu wa aina hiyo, watu wanaoweza kuinuka kwenye kiti chao wakasema kaa wewe.

Nikamjibu kwamba wako.

Alinitazama kwa wivu mwingi mno. Nimekwisha kurudi nyumbani, na tangu nirudi nawatafuta.